Usawa wa kijinsia kwenye shamba darasa la mahindi na maharage: mwongozo kwa afisa ugani wa kata

Kwa afisa ugani anayeendesha shamba darasa, yaani shamba ambalo kikundi cha wakulima hujifunzia kwa vitendo, kila msimu maswali ni yaleyale. Nikiitisha mkutano wanakuja wanaume watupu, nifanyeje? Wanawake wamekuja lakini hawafungui mdomo. Wilayani wanataka nusu ya washiriki wawe wanawake, nitawatoa wapi? Nianze na semina ya jinsia?

La semina jibu lake ni hapana. Ukianza kwa kuhubiri haki, wanaume watakaa kimya wakingoja umalize, wanawake watakaa kimya wakijua watarudi na waume zao nyumbani, na wiki inayofuata utapata nusu ya watu. Anza na kilimo chenyewe. Usawa uingize kwenye saa ya mkutano, kwenye jina linaloandikwa daftarini, kwenye mkono unaoshika kizibo cha soda cha kupimia mbolea, na kwenye hesabu za mauzo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kufikiria Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako mvua ni msimu mmoja, mahindi na maharage hupandwa kuanzia Novemba, na palizi hubana Januari. Kwenye vuli na masika, sogeza miezi. Hatua ni zilezile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kikundi cha wakulima 20 hadi 30. Wakizidi hapo, wenye sauti ndogo hawasikiki kabisa.
- Eneo la robo ekari ambalo mwanamke mwenye mtoto mgongoni anafika kwa miguu ndani ya nusu saa.
- Punje za maharage 300 kwenye mfuko. Hizi ni za kupigia kura, si za kupanda.
- Karatasi za manila 6 na kalamu za wino mzito za rangi mbili.
- Picha ndogo zilizochorwa kwa mkono: jembe, gunia, sufuria, noti, simu, bomba la dawa. Zitasaidia wasiosoma, wa kike na wa kiume.
- Kamba ya kupandia yenye vifundo kila sentimita 60, na vizibo vya soda kama 10.
- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 100.
- Daftari la mahudhurio lenye safu ya Me/Ke na safu ya umri.
- Mkeka mkubwa, ndoo ya maji yenye mfuniko na mtu wa kuangalia watoto. Usidharau mkeka: mama asiye na pa kumlaza mtoto anaondoka katikati ya somo.

Mtaarifu mtendaji wa kijiji na mwenyekiti mapema. Mwambie kila mmoja kwamba ni shamba darasa la mahindi na maharage, maana ndivyo lilivyo.

Hatua

1. Tafuta nani hasa anafanya nini

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba nyingine. Itengee saa moja na nusu.

Wagawe wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, wasisikiane. Kila upande upe manila yenye kazi zote za maharage kwa mpangilio: kutafuta mbegu, kulima, kupanda, palizi ya kwanza, palizi ya pili, kupiga dawa, kung'oa, kupura, kupepeta, kuchambua, kuhifadhi, kubeba sokoni, kuuza. Kwa kila kazi wape punje 10 wazigawe kwenye safu nne: mke, mume, watoto, vibarua. Wakikubaliana, andika idadi. Kisha rudieni na mahindi.

Mzunguko wa pili ni wa uamuzi: nani alisema tupande mbegu gani, nani alisema tuuze lini. Mzunguko wa tatu ni wa pesa.

Hapa kuna mtego. Ukiuliza “nani anaamua?” pande zote mbili zitakujibu “tunashirikiana”. Ni jibu la heshima kwa mgeni, halina taarifa ndani yake. Uliza mambo yaliyotokea: “Msimu uliopita maharage yaliuzwa lini? Dalali aliongea na nani? Pesa aliwekewa nani mkononi? Siku hiyo jioni kilinunuliwa nini?” Majibu yatatoka yenyewe, mara nyingi na vicheko.

Mwisho bandikeni manila mbili ubavuni kwa ubavu, kila upande usome ya mwenzake. Usitoe maoni. Kwa kawaida palizi na kupepeta ndipo tofauti huonekana: wanaume watakuwa wamejipa punje tatu au nne, wanawake wamewapa moja. Waache wabishane wenyewe kwa dakika 20, ndipo uulize: “Kwa hiyo somo la palizi lihudhuriwe na nani?”

Hizo manila zitunze, utazirudia baada ya mavuno.

2. Panga saa na siku kwa kuuliza, si kwa kukisia

Waambie wanawake wakutajie siku yao tangu kuamka mpaka kulala: maji saa ngapi, kuni saa ngapi, shambani hadi saa ngapi, kupika lini. Wanaume nao wataje yao. Saa ambayo wote wako huru ndiyo saa ya somo. Sehemu nyingi inaangukia alasiri, kati ya saa 9 na saa 10 na nusu, kabla ya moto wa jioni kuwashwa. Kwingine haiko hivyo, ndiyo maana unauliza.

Epuka siku ya gulio, siku ya VICOBA, siku ya kliniki ya watoto, na jioni ya jumuiya au kwaya. Somo lisizidi dakika 90. Ukichelewa nusu saa, wanaume watakungoja kijiweni, wanawake watakuwa wameshaondoka, nawe utaandika kwamba “wanawake hawana mwamko”.

Pitia tena ratiba hii Januari. Palizi ikianza, saa iliyofaa Novemba haifai tena.

3. Badilisha maneno ya mwaliko

“Kila kaya itoe mtu mmoja” maana yake baba. Sema: “Kila shamba litoe watu wawili wanaolilima.” Mjane, mwanamke anayeishi peke yake au ambaye mumewe yuko mjini atakuja na mtu anayemsaidia kazi, awe mwanawe au dada yake.

Tangazo likipitia mwenyekiti wa kitongoji peke yake, litaishia kwa wanaokaa naye. Lipeleke pia mashine ya kusaga, kisimani, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, na zahanati siku ya kliniki. Ukitumia ujumbe wa simu, uliza kwanza simu ya kaya inashinda na nani. Ujumbe unaoingia saa 4 asubuhi kwenye simu iliyo mfukoni mwa mwanamume aliyeko mjini haujamfikia anayepalilia.

4. Andika jina lake yeye

Madaftari mengi yana “Mama Neema”, “Mama Baraka”, “mke wa mwenyekiti”. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho chake. Si suala la adabu tu. Kikundi kikija kusajiliwa na kufungua akaunti ili kiombe mkopo wa halmashauri (ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni za wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu), majina yasiyolingana na vitambulisho yatawarudisha nyuma kwa wiki kadhaa. Angalia pia daftari la mbolea ya ruzuku: ikiwa anayelima ni mwanamke na aliyeandikishwa ni shemeji yake, taarifa za mbolea zitaenda kwa shemeji.

Kaya ya wake wawili ihesabiwe kuwa mashamba mawili yenye maghala mawili. Kila mke ana jembe lake na njaa yake.

5. Mbegu ishindanishwe shambani na jikoni

Panda vipande vya mita 10 kwa 10, kila mbegu na kipande chake. Kwa maharage linganisha mbegu mbili za utafiti, tuseme Uyole 96 na Lyamungu 90, na ile wanayolima kijijini. Nafasi ni sentimita 50 kwa 20, mbegu mbili kila shimo.

Kabla ya kupanda, waulize wanawake na wanaume kwa makundi tofauti: mbegu nzuri ni ipi? Wanaume hutaja magunia, bei, rangi inayopendwa na wafanyabiashara. Wanawake hutaja hayo pia, halafu wanaongeza: inaiva upesi, mchuzi wake mzito, haichachi ikilala, majani yake yanafaa mboga, inakomaa mapema kabla chakula hakijaisha ndani. Viandikwe vyote kwenye karatasi moja, na mbegu zipimwe kwa vyote.

Jaribio la kupika hufanywa baada ya mavuno. Nusu kilo ya kila mbegu, maji lita 2, sufuria za ukubwa mmoja, mkaa uliopimwa sawa. Mbegu zote ziwe za msimu uleule, kwa sababu maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu hukawia kuiva na yataionea mbegu isiyo na kosa. Andika dakika hadi punje inapopondeka kati ya vidole viwili. Waonje bila kuambiwa ni sufuria ipi. Mbegu inayomaliza kuni hailimwi mwaka wa pili hata iwe na magunia mengi, na afisa asiyepika hajui kwa nini ilitupwa.

6. Mkono uliozoea kutazama upewe kifaa

Hapa ndipo mashamba darasa mengi yanapoharibika. Wanawake wapo, wamehesabiwa, lakini wanaume watatu wameshika kamba, kipimo na bomba, wengine wote wamesimama pembeni.

Chukua mfano wa mbolea ya kupandia. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 60, mbegu mbili kila shimo. Ekari moja ina mashimo kama 9,000. Mfuko wa kilo 50 wa DAP ukigawanywa humo, kila shimo linapata gramu 5 na ushee: kizibo kimoja cha soda, kikiwa sawa na ukingo, bila kilima juu. Kisha udongo wa unene wa vidole viwili, ndipo mbegu, isiungue.

Sasa, nyumbani nani anatia mbolea kwenye shimo? Mara nyingi ni mama na watoto, nyuma ya mtu wa jembe. Aliyefundishwa kizibo ni baba. Matokeo yake ni mbolea ya kumwaga kwa vidole: mfuko unaisha shamba likiwa nusu, au unabaki robo na mahindi ya njano. Watu wanasema mbolea ni mbovu.

Kwa hiyo gawanya kikundi kwenye vikosi vya watu watano vilivyochanganyika. Kila kikosi kina majukumu matano: kamba, jembe, kizibo, mbegu, daftari. Badilishaneni kila mstari, mpaka kila mmoja ameshika kila kitu. Wewe usishike chochote. Ukimwona mwanamume ananyoosha mkono kumsaidia mwanamke kizibo, mwambie kwa utani asubiri zamu yake.

Kwenye dawa ya viwavijeshi vamizi, tahadhari zaidi. Bomba la lita 16 likijaa ni mzigo wa karibu kilo 20. Mjamzito na anayenyonyesha asipulize wala asichanganye dawa. Lakini somo la dawa asilikose, maana yeye ndiye anayefua nguo za aliyepuliza, anayechuma mboga kandokando ya mahindi, na anayekutana na kopo tupu la dawa likitamaniwa kuwekewa chumvi. Wafundishe wote kusoma rangi ya lebo inayoonyesha ukali wa sumu, siku za kusubiri kabla ya kuchuma, kufua nguo za dawa peke yake, na kulitoboa kopo.

7. Chagua wakulima wawezeshaji wawili

Mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wachaguliwe kwa kura ya punje, si kwa kunyoosha mikono mbele ya mwenyekiti. Usiweke sharti la kumaliza kidato cha nne wala la kuwa na baiskeli. Masharti hayo mawili peke yake huwaondoa wanawake wengi wanaolima vizuri kuliko sisi. Kila mmoja mpe eneo dogo la kutembelea, kaya 8 hadi 10 za jirani, na kama kuna posho ya usafiri iwe sawa kwa wote wawili na ilipwe mkononi mwa mhusika.

8. Hesabu ya kaya kabla dalali hajafika

Fanya hili mwezi mmoja kabla ya mavuno. Mume na mke wakae pamoja, picha na punje mbele yao.

Kwanza, gharama. Andikeni mbegu, mbolea, dawa, vibarua. Halafu ongezeni kazi ya wanakaya kwa siku, kila siku kwa bei ya kibarua ya kijijini kwenu. Mume ndiye ahesabu siku za palizi za mkewe, kwa sauti. Utashangaa namba inavyofanya kazi ambayo hotuba haiwezi.

Pili, chakula. Madebe mangapi kaya inakula kwa mwezi, mara miezi mpaka mavuno yajayo. Debe la mahindi ni kama kilo 18. Magunia hayo yatiwe alama ya rangi na yasiuzwe.

Tatu, mauzo. Kilichobaki kiuzwe lini, kwa nani, na pesa igawanyike vipi: ada, mbolea ya msimu ujao, deni, matumizi ya kila mmoja. Waandike na watie sahihi au dole gumba, karatasi ibaki nyumbani. Dalali akija, gunia lipande kwenye mizani. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, inamla mume na mke sawasawa.

Kuwa macho na jambo moja: zao la mwanamke likianza kulipa, linahama mikono. Maharage ya mboga ya mwaka jana, yakipata mnunuzi wa magunia, mwaka huu yanakuwa “maharage ya baba”. Ndiyo maana mgao unaandikwa kabla bei haijapanda.

9. Pima kilichobadilika

Idadi ya vichwa haitoshi. Kila somo, mtu mmoja awe anaweka alama tatu: wanawake wangapi walihudhuria, wangapi waliongea mbele ya wote, wangapi walishika kifaa. Mwisho wa msimu tembelea mashamba 10 uone nani ametumia nafasi na kizibo, na shamba ni la nani. Kisha toa manila za hatua ya kwanza mrudie mzunguko wa uamuzi na wa pesa. Punje moja au mbili zikihama kwa msimu mmoja, ni kazi nzuri. Zikihama tano, kuna mtu anakujibu ili akufurahishe tu.

Makosa ya kuyaepuka

- Kuunda kikundi cha wanawake tu kwa kila kitu. Kinafaa kwa kuzoeza sauti na kwa akiba. Kwa mbegu na mauzo, mume asiyejua mpango ndiye atakayeuza.
- Kuwaongezea wanawake kazi. Shamba la kikundi, bustani ya kikundi, kuku wa kikundi, vyote juu ya palizi yake. Kabla ya kuongeza kitu, uliza kipi kitapungua.
- Kuwachukua wake wa viongozi na kusema wanawake wamewakilishwa.
- Kujaza majina ya wasiofika ili nusu itimie. Msimu ujao utapangiwa mbegu kwa idadi ya uongo, na utaulizwa ziko wapi.

Mambo yakikwama

*Wanawake wanakuja, hawasemi.* Angalia walikoketi. Wakiwa nyuma, geuza wewe usimame upande wao. Kila swali lijadiliwe kwanza kwa makundi tofauti, na kundi la wanawake litoe taarifa mwanzo, kabla wanaume hawajasema. Wakisita kwenye Kiswahili, waongee Kinyiha, Kibena au lugha yao, na mfasiri asiwe mume wa msemaji.

*Mume amemkataza mkewe.* Usibishane naye hadharani. Nenda kwake jioni na mwezeshaji wa kiume, mwonyeshe kamba na kizibo, mweleze mfuko wa mbolea unavyoishia nusu ya shamba. Muombe waje wote wawili somo moja.

*Wewe ni mwanamume na unaonewa shaka ukimtembelea mwanamke.* Nenda na mwezeshaji wa kike, ongeeni shambani au uani palipo wazi, na mwenyekiti wa kitongoji ajue ratiba yako.

*Mjane ananyang'anywa shamba na wakwe.* Usiwe hakimu. Mwelekeze kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba, watatu wao wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali. Wanandoa wanaopimiwa mashamba waambie kwamba hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina yote mawili, na waombe hivyo tangu kwenye fomu.

*Umeona dalili za kipigo baada ya mauzo.* Usimhoji mbele ya watu wala usimfuate mume. Tafuta nafasi ya faragha, mwambie pa kwenda: afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na mwenye kuamua awe yeye. Zoezi la hatua ya 8 lisimamishe kwa kaya hiyo.

*Umehamishwa katikati ya msimu.* Nakala ya daftari ibaki kwa katibu wa kikundi. Manila za punje mkabidhi anayekuja mkononi, zikiwa na tarehe na jina la kitongoji, na mwambie zile zenye wino mwekundu ni za wanawake.